Kiboko na Mwenye Suruali Mbili

Dieudonne alianza kuitwa Kiboko akiwa kidato cha pili, siku aliyokalia kiti cha plastiki kwenye chumba cha maabara na miguu ya kiti ikafunguka kila mmoja upande wake. Kile kiti kilikuwa na ufa tangu enzi na enzi, na darasa zima lilikuwa linakikwepa. Lakini aliyeanguka nacho ni yeye, na Heri, ambaye kazi yake pale shuleni ilikuwa kuchekesha watu, akapiga kelele, "Kiboko katoka majini!" Basi. Jina likanasa. Hata walimu wa zamu wakaanza kumwita hivyo, bila ubaya wowote, kama vile ndilo lililoandikwa kwenye cheti chake cha ubatizo.

Alikuwa na miaka kumi na saba sasa, yuko kidato cha tatu, na mwili wake ulikuwa umemkimbia. Ndivyo alivyouona. Mwaka mmoja tu nyuma alikuwa mtoto wa kawaida wa Kawajense, akipita kwenye uwazi wa uzio wa jirani kufuata mpira. Mwaka uliofuata uwazi ule ukawa mdogo. Mashavu yalijaa, tumbo likatangulia mbele, na kifua kikawa kile ambacho yeye mwenyewe hakutaka kukitazama. Alikuwa akivaa sweta la shule kuanzia asubuhi mpaka jioni, mwezi wa kumi, Mpanda, wakati hata mbuzi wanatafuta kivuli. Mtu akimuuliza, alisema ana malaria. Mwaka ule aliugua malaria ya uongo mara nyingi kuliko mtu yeyote mkoani Katavi.

Mahali pekee alipojisahau ni kanisani, nyuma ya kinanda. Alijifunza mwenyewe, kwa kusikiliza, tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Kinanda cha kigango kilikuwa na vitufe viwili visivyolia, na Dieudonne alijua kuvizunguka namna ambayo hakuna aliyegundua. Akikaa pale, watu waliona kichwa na mabega tu, na walikuwa wanasikiliza zaidi kuliko kutazama. Pale alikuwa mtu mwingine.

Mama yake, Jeannine, alikuwa mama ntilie karibu na stesheni ya treni. Wali wake na maharage vilijulikana na kila kondakta na kila mpakia mizigo. Baba na bibi walibaki Katumba kwenye shamba, kule ambako familia ilianzia maisha upya ilipotoka Burundi zamani, kabla hata baba hajaota ndevu. Mjini walikaa watatu: mama, Dieudonne, na mdogo wake wa kike, Spès, mwenye miaka kumi na mitatu na macho yasiyopitwa na kitu.

Manyanda aliingia darasani katikati ya mwaka. Alitoka upande wa Usevya, mtoto wa mfugaji wa Kisukuma, na alikuwa amehamia kwa mjomba wake Shanwe ili awe karibu na shule. Alikuwa mrefu kiasi kwamba mlangoni aliinama hata pasipo na haja, na alikuwa mwembamba kuanzia juu mpaka chini. Mwalimu Shadrack akamwambia atafute pa kukaa. Madawati yote yalikuwa na watu watatu watatu, isipokuwa la Dieudonne, ambalo lilikuwa na mtu mmoja tu, kwa sababu wenzake walidai kwamba amemaliza nafasi.

"Hapa panatosha," Manyanda alisema, akaketi, na kweli palitosha.

Siku ile ile, wakati wa mapumziko, alimsikia Heri akiita, "Kiboko, nitupie daftari!" Manyanda akamgeukia jirani yake kwa heshima zote.

"Kumbe wewe ni kiboko. Kiboko wa nini? Wa hesabu?"

Dieudonne alimtazama kuona kama anataniwa. Yule mtu hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa yanasubiri jibu. Kwa mara ya kwanza tangu kile kiti kivunjike, Dieudonne alikumbuka kwamba neno lile lina maana nyingine; kwamba watu humwita mtu kiboko anapowashinda wote.

"Wa kinanda," akajibu, na masikio yakamchoma.

"Nitakuja kusikia."

Akaja. Jumamosi ile ile, mazoezi ya kwaya, Manyanda alikuwa kwenye benchi la nyuma, magoti yamepanda mpaka kidevuni, akisikiliza bila kuondoa macho. Jumamosi iliyofuata mwalimu wa kwaya akachoka kumwona amekaa bure, akamweka kwenye besi. Hapo ikajulikana kwamba kijana yule mwembamba ana sauti nzito ajabu. Wamama wa sauti ya kwanza waligeuka wote kwa pamoja kumtafuta huyo baba aliyeingia.

Tangu hapo walikuwa wawili. Walitoka shule pamoja, wakapita Majengo kutazama mafundi wa redio, wakaachana pale njia ya Shanwe inapokata. Manyanda alimfundisha salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "mwangaluka," na Dieudonne akamfundisha ya Kirundi, "amahoro." Walicheka vitu ambavyo wengine hawakuona vinachekesha wapi. Na Dieudonne alianza kugundua mambo. Kwamba siku ambayo Manyanda hajafika shuleni, vipindi vinakuwa virefu. Kwamba Manyanda akicheka, yeye hutazama pembeni haraka, kama mtu aliyetazama taa ya pikipiki. Hakuwa na jina la hali hiyo. Ama alikuwa nalo, ila hakutaka kulitaja hata kimoyomoyo, maana majina ambayo watu wa mtaani walikuwa nayo kwa jambo hilo hayakuwa mazuri, na alichokuwa nacho yeye kilikuwa kizuri.

Kisha Mwalimu Shadrack akatangaza safari ya mafunzo. Kidato cha tatu wataenda Sitalike, kwenye hifadhi, kuona mto na wanyama, na itapigwa picha ya darasa ya kubandikwa ukutani ofisini mpaka watakapohitimu.

"Tutasimama wote pamoja," Manyanda alisema kwa furaha. "Mimi na wewe katikati."

Dieudonne akaitikia kwa kichwa. Usiku hakuwaza kitu kingine isipokuwa ile picha. Yeye na Manyanda bega kwa bega, na mtu yeyote atakayeingia ofisini atawaona na kuwalinganisha. Zilibaki wiki mbili. Akaamua kuacha kula.

Si kazi rahisi kuacha kula kama mama yako anapika kwa riziki. Asubuhi alisema atakunywa chai shuleni. Mchana aligawa chakula chake kwa wenzake, jambo lililompatia marafiki wengi wapya. Jioni alipakua wali, akauzungusha kwenye sahani, akamsogezea Spès. Spès alikula siku tatu kwa shukrani, siku ya nne akaenda kusema.

Jeannine alimzuia mwanawe mlangoni na mwiko mkononi.

"Dido. Chakula changu kina nini?"

"Hakina kitu, mama. Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Upepo? Mimi nalisha stesheni nzima. Mtoto wa mama ntilie akikonda, wateja watasema nini? Watasema hata wa kwake ameshindwa kukila!"

Dieudonne akacheka, akala vijiko vitatu kumridhisha, na kesho yake akaendelea pale alipoishia.

Siku ya safari waliondoka mapema kwa basi la kukodi, nyimbo zikianza hata kabla hawajalimaliza eneo la mji. Dieudonne alikaa dirishani ndani ya sweta lake. Suruali ilikuwa imelegea kidogo kiunoni na hilo lilimfariji. Kichwa kilikuwa chepesi. Miti iliyokuwa ikipita nje ilikuwa na ukungu pembeni.

Sitalike walipokelewa na mwongozaji aliyeitwa Bernadetha, mwanamke mfupi mwenye kofia kubwa na sauti ya mtu asiyebishiwa. Akawapanga mstari, akawakataza kusogea ukingoni, akawapeleka mahali pa juu panapoonekana mto. Ilikuwa kiangazi kikali na maji yalikuwa yamebaki kwenye dimbwi moja. Ndani ya dimbwi walijaa viboko, migongo imebanana kama viazi kwenye gunia, wakipiga miayo, wakisukumana, wakirusha kinyesi kwa mikia yao bila aibu yoyote. Harufu ilipanda mpaka juu. Wasichana wakaziba pua.

Halafu Heri, na ukweli ni kwamba darasa zima lilikuwa linamsubiri, akasema, "Kiboko, basi wasalimie ndugu zako!"

Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mwalimu Shadrack aliuma midomo lakini mabega yake yalimsaliti. Bernadetha hakuelewa wanacheka nini, akafikiri wanamdharau mnyama, akakasirika.

"Mnamcheka? Huyo ndiye bosi wa mto huu. Mamba mwenyewe anampisha. Na akitoka pale kukufukuza, hakuna hata mmoja wenu atakayemshinda mbio!"

Ikawa amemwaga petroli kwenye moto. Dieudonne naye alitabasamu, lile tabasamu alilokuwa amelizoesha midomo kwa mwaka mzima. Kisha akageuka taratibu, kama mtu aliyesahau kitu, akarudi kule basi lilikoegeshwa. Akashika tairi, akaketi chini kwenye kivuli, na dunia ikaendelea kuzunguka bila yeye.

Alisikia miguu ikikimbia, kisha kishindo cha mtu anayeruka mtaro, kisha sauti ya nguo ikichanika, kraaa. Manyanda akachuchumaa mbele yake.

"Umekula nini leo?"

"Nimekunywa maji."

"Na jana?"

"Maji. Na chungwa."

Manyanda aliingiza mkono mfukoni, akatoa mfuko wa nailoni wenye vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, matobolwa ambayo mke wa mjomba wake alimfungia nyumbani. Akamwekea kimoja mkononi.

"Kula."

"Sitaki."

"Sijakuuliza kama unataka."

Dieudonne akala. Kilikuwa kigumu, kikalainika polepole mdomoni, kitamu kwelikweli. Akala cha pili, cha tatu. Manyanda akampa maji, akampepea kwa daftari la jiografia. Ukungu ulipoanza kuondoka machoni, kitu cha kwanza ambacho Dieudonne alikiona sawasawa ni mguu wa rafiki yake. Suruali ya shule ilikuwa imechanika kuanzia gotini mpaka chini, na ndani yake haukuonekana mguu. Ilionekana suruali nyingine. Traksuti ya bluu.

"Manyanda. Umevaa suruali ngapi?"

Manyanda akatazama chini, akajaribu kuifunika na daftari. Alikuwa amechelewa.

"Mbili."

"Kwenye joto hili?"

"Siku za baridi huwa tatu."

Walitazamana. Dieudonne alijaribu kujizuia, akashindwa, na kile kicheko kilimtoka na vipande vya viazi. Manyanda naye akaanza, ile besi yake ikatikisa ubavu wa basi, wakacheka mpaka dereva aliyekuwa amelala ndani akachungulia dirishani kuona kuna nini.

"Nyumbani kaka zangu wananiita Fimbo," Manyanda alisema alipopata pumzi. "Wanasema baba akipoteza fimbo ya kuchungia, atumie mguu wangu. Nikivaa suruali moja inapepea kama bendera. Kwa hiyo navaa ya ndani, inajaza kidogo. Mpira sichezi. Kuoga mtoni na wenzangu siendi. Nilidhani umejua siku nyingi."

"Sikujua. Mimi nilikuwa natazama tumbo langu tu."

"Na mimi miguu yangu." Akafikiri kidogo. "Wangetutia sufuria moja, wakatukoroga, wakatugawanya."

"Wangepata watu wawili wa kawaida."

"Wabaya," Manyanda alisema. "Wasio na ladha. Mimi nataka uwe hivi hivi, Dido. Nikikuona unakuja kule njiani, hata kwa mbali, nakujua kwa mwendo wako. Roho inatulia. Halafu wewe unataka kujipunguza. Mimi nitabaki namtafuta nani?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Dieudonne neno kama hilo. Hakujua aliweke wapi. Akachukua kiazi kingine ili mdomo upate kazi, na Manyanda akawa anachorachora mchanga kwa kijiti.

Mwalimu Shadrack alikuja kuwatafuta. Aliona uso wa Dieudonne, akaona vipande vya viazi, akaelewa zaidi ya walivyodhani. "Nisamehe," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nilicheka pale. Sikupaswa." Mwalimu kumwomba mwanafunzi msamaha lilikuwa jambo geni kuliko viboko wote wa mto ule, na Dieudonne akabaki anaitikia, "Haina shida, mwalimu, haina shida," mpaka mwalimu mwenyewe akacheka.

Picha ilipigwa. Wapo katikati, mmoja mrefu, mmoja mpana, na suruali ya bluu inachungulia kwenye mpasuko. Wote wawili wamefumba macho. Bado ipo ofisini.

Wiki iliyofuata, Jumamosi mchana, wanakwaya wote walikuwa wameshaondoka. Dieudonne alibaki kufunika kinanda, na Manyanda alibaki kumsubiri. Kanisa lilikuwa wazi, jua linaingia kwa milango yote miwili, mwanamke mmoja anafagia nje. Manyanda alibonyeza kitufe kimoja kati ya vile vilivyokufa. Hakikulia. Akabonyeza tena.

"Nikisema kitu, usinicheke," alisema.

"Kama ni suruali, nishacheka yote."

"Si suruali. Kuna wasichana wananiletea barua. Watatu. Nimezisoma. Ni barua nzuri. Halafu kila nikisoma, nawaza nikuonyeshe wewe, tucheke. Nawaza wewe tu, Dido. Sijui kwa wengine ikoje. Kwangu ndivyo ilivyo."

Nje ufagio uliendelea, shwa, shwa. Dieudonne aliogopa, hilo lazima lisemwe. Aliwaza mama, akawaza baba, akawaza mtaa. Lakini chini ya woga kulikuwa na furaha kubwa kiasi kwamba ule woga ulikosa pa kusimama.

"Hata mimi," alisema. "Tangu siku uliyoniuliza kiboko wa nini."

"Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani?"

"Mimi nitawaambia ng'ombe," Manyanda alisema. "Wao hawasengenyi."

Walitoka wameshikana mikono. Mpanda yote wavulana hutembea wameshikana mikono, marafiki, ndugu, watu waliokutana jana. Hakuna anayegeuza shingo. Yule mwanamke wa ufagio aliwaambia tu wasikanyage alipofagia. Walipita kando, vidole vimefungana, na wao wawili peke yao ndio waliojua kwamba siku ile haikuwa kama siku nyingine.

Mambo hayakugeuka asali siku moja. Heri aliendelea na jina lake, ingawa lilipungua nguvu siku ambayo Dieudonne aliitika, "Naam, kiboko mwenyewe nipo," na darasa likamcheka Heri. Sweta alilivua kwa awamu. Kwanza darasani, halafu njiani. Zipo asubuhi ambazo bado hujitazama kwenye kioo cha mama na kuvuta tumbo ndani, akalishikilia hapo mpaka pumzi imwishie. Ila chakula anakula. Manyanda humuuliza kila siku, "Umekula nini leo?" na hataki kusikia habari za chungwa.

Likizo ya Desemba Dieudonne na Spès walikwenda Katumba kusaidia kupanda. Mvua zilikuwa zimeshika. Siku ya nne, mchana, baiskeli iliyojaa tope ilisimama mbele ya nyumba ya bibi, na juu yake Manyanda, amekuja kutoka mjini, amevaa suruali moja. Bibi Apollinarie alitoka jikoni. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo akamkaribia mgeni sana, akamshika mkono, akaupapasa kuanzia kiganja mpaka kwenye kiwiko.

"Amahoro, bibi," Manyanda alisema.

Bibi alifurahi kusikia salamu ya kwao kutoka mdomo wa Msukuma, lakini hakuacha kupapasa. "Huyu mtoto kwao hakuna chakula?"

"Kipo, bibi. Kinapotelea njiani."

Bibi alicheka mpaka akatafuta pa kukalia. Alimwekea ugali wa muhogo, maharage na mboga ya lengalenga, na kila sahani ilipokaribia kuisha akaongeza, huku Dieudonne akimtazama rafiki yake akihangaika na mlima usiopungua.

"Na wewe leo ujue kulazimishwa kula kukoje," alimnong'oneza.

Jioni kidogo wakaenda shambani pamoja na Spès. Baba alishapiga mistari kwa kamba. Kazi yao ilikuwa kuchimba mashimo na kutia mbegu, tatu tatu. Spès alitangulia na jembe dogo. Mara akasimama, akawageukia, mikono kiunoni kama mama yake.

"Nyie nawaona."

Moyo wa Dieudonne ukaruka. "Unaona nini?"

Spès aliwatazama kwa zamu, mmoja mpaka mwingine, bila haraka. "Naona kaka yangu siku hizi anacheka," alisema. "Mwaka jana alikuwa hachekagi." Akainama, akaendelea na mashimo yake, na hakusema zaidi siku ile wala siku nyingine.

Kutoka upande wa nyumba ilisikika sauti ya baba yao, Révérien, ikiuliza ni nani anapanda ule mstari wa tatu, maana unakwenda kama nyoka. Ulikuwa wa Manyanda. Mtoto wa mfugaji, kamba na mistari vilikuwa vigeni kwake. Dieudonne akacheka, akashuka naye mpaka mwanzo, wakaanza kufukua mbegu moja moja kwenye udongo uliolowa ili wazipande upya.